Kukusanya Bunduki Baada ya Mkataba: Daftari, Kufuli na Msimu wa Mvua

Aprili na Juni 1996 Mwalimu Nyerere aliwaita wanasiasa wa Burundi hapa Mwanza, chama cha FRODEBU upande mmoja na chama cha UPRONA upande wa pili, wakae meza moja. Mwezi mmoja baadaye, Julai 25, Meja Pierre Buyoya akachukua nchi kwa mapinduzi na kazi ikabidi ianze upya. Mkataba ulikuja kusainiwa Arusha Agosti 28, 2000, Mwalimu akiwa ameshafariki na Mandela ameshika nafasi yake. Hata hapo makundi yaliyokuwa porini na bunduki, CNDD-FDD na FNL, hayakuwemo kwenye sahihi. CNDD-FDD waliingia mwishoni mwa 2003. FNL walisaini Dar es Salaam Septemba 2006, na kiongozi wao Agathon Rwasa akakabidhi silaha yake Aprili 2009. Kutoka sahihi ya Arusha hadi siku hiyo ni miaka minane na ushee.

Yanayofanyika katika miaka ya namna hiyo ndiyo ninayotaka tuyaangalie, kwa sababu sisi wa kando ya ziwa hatuyajui vizuri japo matokeo yake hutufikia. Bunduki ambayo haikuandikwa popote upande wa pili wa mpaka haiozi. Hupitia maporini, ikauzwa mara mbili tatu, na inaweza kuja kuonekana usiku majini mikononi mwa watu wanaotaka mashine ya boti na mfuko wa mabondo ya samaki. Na msimamo wangu nauweka mezani mapema: kukusanya silaha ni kazi ya mtunza ghala zaidi kuliko ya askari. Ukifuatilia pale ilipoharibika, mara nyingi utakuta daftari ndilo lililoharibika kwanza, au kufuli, au tarehe.

Tuanze na daftari. Kabla ya kupokea bunduki hata moja, wasimamizi huomba orodha kwa makamanda: majina ya wapiganaji, silaha kwa aina na idadi, risasi, na maficho. Kamanda hudanganya pande mbili kwa mkupuo mmoja. Watu anawaongeza, maana kila jina lina posho. Bunduki anazipunguza, maana kesho haijui. Ndiyo sababu namba ya kwanza ya kuchungulia kwenye ripoti yoyote ni uwiano wa bunduki kwa watu. Liberia, baada ya mkataba wa Accra wa Agosti 2003, walitarajiwa wapiganaji 38,000. Hadi zoezi linafungwa Novemba 2004, waliopita mlangoni walizidi 100,000, na silaha zilizopatikana zilikuwa kama 28,000. Hiyo ni bunduki moja kwa watu zaidi ya watatu. Colombia mwaka 2017, wapiganaji wa FARC wapatao 7,000 walikabidhi silaha 8,994. Pale uwiano unazidi moja, na ndivyo inavyotarajiwa kwa jeshi la msituni lililokuwa na maghala yake.

Liberia walijikwaa kwenye sharti la kuingilia. Mtu alikubaliwa akileta bunduki, au akileta risasi 150. Sasa fikiria kamanda mwenye masanduku kadhaa ya risasi na ukoo mkubwa. Anagawa: huyu 150, yule 150, mpwa wake 150. Kila mmoja anaandikishwa kuwa mpiganaji na kupewa dola 300 za Marekani kwa awamu mbili, na kamanda anakata chake. Bunduki zenyewe zimebaki chini ya sakafu. Aliyeweka sharti hilo alikuwa na nia njema, kwamba si kila mpiganaji ana bunduki yake, lakini risasi ni kitu kinachogawanyika kirahisi mno kuwa kitambulisho.

Sierra Leone walitumia njia nyingine. Mtu aliyeleta bunduki aliambiwa aifungue na kuifunga tena mbele ya msimamizi. Anayeijua haitazami hata mikono yake. Aliyeazimwa jana anahangaika na springi. Ni kipimo kizuri cha kuchuja vijana wa mjini waliofuata posho. Ubaya wake ni kwamba kinawatupa nje wapishi, wachukuzi wa mizigo, na wasichana waliotekwa na kufanywa wake wa wapiganaji, ambao hawakuwahi kukabidhiwa bunduki na ndio wenye shida kubwa zaidi. Kwa hiyo lazima iwepo milango miwili tangu siku ya kwanza, mmoja wa wenye silaha na mwingine wa wanawake na watoto wasio na silaha, na mlango huo wa pili asiulinde kamanda yuleyule. Ukimwachia, ataleta wanawe na waliotekwa atawaficha.

Nepal walikuwa wakali zaidi kwenye kuhakiki. Kambini waliandikishwa waasi wa Kimao zaidi ya 30,000. Umoja wa Mataifa ukahoji mmoja mmoja, ukawaondoa waliokuwa watoto na walioingizwa jeshini baada ya Mei 25, 2006, wengine hawakutokea kabisa, na waliothibitishwa wakabaki 19,602. Silaha zilizoandikwa zilikuwa 3,475. Uwiano huo nao ulizua maneno mengi, lakini angalau kila upande ulijua namba ni ipi.

Baada ya orodha kinafuata kiwanja, na hapa ndipo watu hufa. Desemba 7, 2003 zoezi la Liberia lilifunguliwa Kambi ya Schieffelin nje ya Monrovia. Walikuja maelfu wakati kambi ilikuwa tayari kwa mamia, askari wa kulinda amani walikuwa bado wachache, na kila aliyefika aliamini fedha ingetolewa papo hapo. Haikutolewa. Vurugu zilizofuata ziliua watu wasiopungua tisa, na zoezi likasimama hadi Aprili 2004. Hakuna siri kubwa ndani yake. Mtu mwenye bunduki aliyesubiri juani bila chakula bila taarifa atatumia alichonacho mkononi.

Kiwanja kinachofaa kiko mbali na soko, mbali na shule, na kwa kwetu ningesema mbali na mwalo, maana mwalo una watu usiku na mchana. Kinatanguliwa na kituo cha kukusanyikia, kilomita kadhaa kabla, ambako makamanda huwaleta watu wao kwa zamu na kwa idadi iliyokubaliwa. Hapo ndipo risasi zinapotengwa na bunduki, na hapo ndipo vilipuzi vinapokataliwa kupanda gari. Bomu la mkono lililofungwa pini kwa waya au utepe, kombora la roketi ambalo kofia ya kichwani imetoka, baruti iliyovuja jasho: hivyo vyote vinawekwa kwenye shimo la pembeni lenye mifuko ya mchanga na kumsubiri mtaalamu wa mabomu. Lori linabeba watu na bunduki tupu. Anayetaka kuokoa muda kwa kupakia vyote pamoja anaokoa saa moja na kuhatarisha lori zima.

Barabara ya kufikia hapo ni sehemu ya mpango. Wanaojua udongo mweusi wa mbuga Usukumani wakati wa masika hawahitaji kuelezwa: lori lenye tani kadhaa za chuma halitoki pale hadi jua liwake siku mbili. Mikataba husainiwa tarehe za wanasiasa, na ratiba ya siku 60 au 90 iliyoandikwa hotelini ikiangukia Machi hadi Mei inakuwa imeshavunjwa kabla haijaanza. Kila upande unamlaumu mwenzake kwa kuchelewa, wakati aliyechelewesha ni mvua.

Kwenye kiwanja, mtu anaingia peke yake. Mtutu unaelekea chini, kidole kiko nje ya triga, na mbele yake kuna pipa lililojazwa mchanga au ukuta wa mifuko ya mchanga. Silaha itakayoonekana zaidi ni ile ambayo taarifa za polisi wetu huiita SMG, yaani AK na ndugu zake. Mpangilio wa mikono ni huu. Kwanza toa magazini. Pili shusha kile kipande cha usalama kilicho upande wa kulia, maana kikiwa juu bolti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, haiendi nyuma hadi mwisho. Tatu vuta bolti nyuma kabisa, risasi iliyokuwa chemba, tundu inapokaa risasi kabla ya kupigwa, itaruka nje. Angalia chemba kwa macho, na gizani pitisha kidole. Kosa linaloleta msiba ni kugeuza ya kwanza na ya tatu. Ukivuta bolti magazini ikiwa bado imo, risasi moja inatoka na nyingine inaingia palepale, na mwenye bunduki anaamini ameshaitoa. Akibonyeza triga kuonyesha kwamba iko tupu, ndipo mtutu uliokuwa kwenye pipa la mchanga unapoeleza kwa nini pipa liliwekwa.

Kisha mezani kwa mwandishi, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo palipo roho ya zoezi zima. Namba ya AK iko ubavuni kushoto, mbele, juu kidogo ya inapoingia magazini. Hiyo ndiyo namba ya bunduki. Lakini bolti ina tarakimu zake, kibebeo cha bolti kina zake, na kifuniko cha juu kina zake. Kwenye bunduki iliyotoka kiwandani juzi zote hulingana. Kwenye bunduki iliyozunguka Kongo miaka 20 hazilingani hata kidogo, kwa kuwa kila fundi wa porini amebadilisha vipuri na alichokipata. Mwandishi mvivu hunakili namba ya kifuniko kwa sababu inasomeka vizuri. Jioni vifuniko vinafutwa vumbi pamoja na kurudishwa ovyo, na kesho yake daftari lina bunduki mbili zenye namba moja, na bunduki moja isiyokuwepo kabisa.

Mtego mwingine ni herufi. Bunduki zilizotengenezwa Urusi zina herufi za Kirusi mbele ya namba, na mwandishi wetu huandika anachofikiri anakiona: И inakuwa N, З inakuwa tarakimu 3. Za China za aina ya Type 56 mara nyingi zina pembetatu ndogo yenye 66 ndani yake, ambayo ni alama ya kiwanda. Wapo wanaoiunganisha na namba ikazaa namba ndefu isiyofuatilika popote. Dawa ni rahisi: usiandike tu, piga picha ya ubavu huo kwa karibu, na ndani ya picha hiyohiyo kiwepo kibandiko chenye namba mpya ya ghala. Iliyosuguliwa kwa msasa isiachwe wazi kwenye daftari. Iandikwe "imefutwa", na ipewe namba mpya. Nafasi wazi kwenye daftari ni mlango wa kupitishia bunduki.

Safu nyingine ambayo watu huipuuza ni ya hali ya silaha. Bila safu hiyo, kundi linaweza kuleta chuma chakavu, mitutu iliyopasuka na vitako bila bolti, likahesabiwa sawa na lililoleta bunduki za kufanya kazi. Kamanda mwerevu husalimisha makavu na kuficha mabichi. Risiti nayo inatoka nakala tatu, moja ya aliyekabidhi, moja ya ghala, moja ya kamati ya pande zote, na wote watatu wanasaini kabla bunduki haijaondoka mezani.

Sasa kufuli. Swali gumu kuliko yote kwenye mazungumzo huwa ni nani anashika ufunguo, na sioni haya kusema linastahili ubishi wote linaoupata. Nepal, silaha za Wamao ziliwekwa kwenye makontena ndani ya kambi zao wenyewe, ufunguo wakabaki nao wao. Umoja wa Mataifa ukaweka kamera, taa na king'ora: ukifungua, kila mtu anajua. Ireland ya Kaskazini hakukuwa hata na kontena la kuonyesha. Mkataba wa amani wa Aprili 10, 1998 ulilenga silaha ziwe zimeondolewa ndani ya miaka miwili. Wapiganaji wa IRA walikamilisha Septemba 2005, mbele ya tume ya Jenerali John de Chastelain wa Kanada na mashahidi wawili wa kanisa, padri Mkatoliki na mchungaji Mmethodisti, bila picha hata moja kwa umma. Wapo waliokasirika. Lakini picha ya bunduki zimelundikwa ingeonekana kama kusalimu amri, na kwa neno hilo moja zoezi lingekufa.

Pale ambapo pande mbili haziaminiani kabisa, utaratibu unaofanya kazi ni makufuli mawili kwenye kontena moja, kila upande na lake, na bolti zote zimetolewa na kuhifadhiwa mahali pengine. Bunduki bila bolti ni bomba tu. Risasi hazilali na bunduki kontena moja kamwe, na vilipuzi havilali na risasi.

Kuhusu risasi Mtanzania hahitaji kuhadithiwa. Mbagala Aprili 29, 2009, Gongo la Mboto Februari 16, 2011. Kila mlipuko wa ghala la jeshi uliua watu wasiopungua 20 na kutupa makombora kwenye nyumba za watu. Brazzaville Machi 2012, ghala nalo likilipuka, walikufa zaidi ya 200. Baruti ya ndani ya risasi na makombora ina kemikali inayoituliza, na kemikali hiyo huisha taratibu, haraka zaidi kwenye joto. Ghala la mabati lisilo na hewa ni tanuri la polepole. Kwa hiyo risasi zinazokusanywa porini, ambazo hakuna ajuaye zimelala wapi miaka mingapi, zinatakiwa kivuli, hewa, mbao za kuziinua kutoka sakafuni, daftari la mwaka na toleo la kila sanduku, na umbali wa kweli kutoka makazi. Bora zaidi ziharibiwe mapema, kwenye tanuri la chuma lililofungwa. Kuzifukia si kuziharibu. Kuzitupa ziwani ni kumtumia mvuvi kilipuzi ndani ya wavu wake.

Bunduki zenyewe viongozi hupenda kuzichoma hadharani. Timbuktu Machi 27, 1996 ziliwashwa kama 3,000. Kenya walichoma zaidi ya 5,000 Ngong Novemba 2016. Kama sherehe haina mshindani, na sherehe ina kazi yake. Kama uharibifu, ni nusu ya kazi. Chuma kinahitaji nyuzi kama 1,500 za Selsiasi ili kiyeyuke, na moto wa kuni na dizeli haufiki huko. Kitako cha mbao kinaungua, springi zinalegea, lakini mwili na mtutu vinaweza kutoka kwenye majivu vikiwa na kitu cha kumpa fundi. Baada ya moto lazima aje fundi wa gesi akate: kwenye chemba, katikati ya mwili, na bolti peke yake. Gesi ni bora kuliko msumeno kwa sababu inakula chuma na kuacha pengo pana. Mkato mwembamba wa msumeno unachomelewa ukarudi. Colombia walikwenda mbali zaidi, wakayeyusha tani 37 zikawa vigae vya sakafu katika jengo moja Bogotá.

Msumbiji ndiyo somo la kuziacha bila kukatwa. Baada ya mkataba wa Roma wa Oktoba 4, 1992, kambi 49 zilikusanya silaha zipatazo 190,000, nyingi zikaingia maghalani zikiwa nzima, na nyingine hazikuwa zimeletwa kabisa. Kuanzia 1995 makanisa yakawa yanabadilishana na wananchi, bunduki kwa baiskeli, cherehani au majembe, huku polisi wa Msumbiji na Afrika Kusini wakifukua maficho katika operesheni waliyoiita Rachel, kwa kuwa bunduki hizo zilikuwa zinafanya ujambazi Johannesburg.

Mpaka ndio unaoumbua mipango mingi. Posho ya Liberia ilikuwa dola 300. Jirani Côte d'Ivoire ikatangazwa kama dola 900, na bunduki zikajua pa kwenda. Huko Karamoja, eneo la wafugaji, Uganda ilianza kupokea silaha kwa hiari Desemba 2001. Mwaka 2002 jeshi likahamishiwa vita dhidi ya waasi wa LRA, na waliosalimisha wakabaki mbele ya majirani wenye bunduki, wa ndani na wa ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Ng'ombe wakachukuliwa, na wenye ng'ombe wakanunua bunduki upya. Ukimnyang'anya mtu silaha umechukua na zamu yake ya ulinzi. Kama huna askari wa kukaa pale usiku, mwachie hadi uwe naye.

M23, kundi la waasi wa mashariki mwa Kongo, ni kisa cha upande mwingine. Novemba 2013 walishindwa na jeshi la Kongo likisaidiwa na brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa na askari wetu wa Tanzania, Wamalawi na Waafrika Kusini. Desemba yakasainiwa maazimio ya Nairobi. Wapiganaji waliokimbilia Uganda wakawekwa kambi ya Bihanga, na mpango wa kuwarejesha nyumbani ukavutana mwaka hadi mwaka. Mwishoni mwa 2021 kundi lilikuwa vitani tena. Kambi ya muda isiyo na tarehe ya kufungwa inageuka kuwa kikosi kinachosubiri.

Kwetu, mlango uliopo ni mwezi wa Septemba, ambao Umoja wa Afrika umeutenga kila mwaka kwa ajili ya kusalimisha silaha haramu bila kushitakiwa, na Tanzania imekuwa ikitangaza muda wake wa msamaha. Mwenye silaha asipande nayo bodaboda kwenda kituoni. Atoe taarifa kwanza kwa mtendaji au polisi, waje waichukue ilipo. Na hasa kama ni gobole. SMG inaonyesha magazini. Gobole halionyeshi kitu, linaweza kukaa limeshindiliwa baruti miaka kumi ukutani. Anayelipokea hupitisha kijiti ndani ya mtutu hadi kigote, anaweka alama, kisha anakilaza kijiti nje ya mtutu kulinganisha. Kikiishia mbali na kitako, ndani kuna kitu. Fataki inaondolewa, maji yanamiminwa mtutuni yakae, kisha ndipo linaguswa zaidi.

Magobole ndiyo yanayojaza taarifa nyingi za mikoa ya ziwa, na mara nyingi yanajumlishwa na SMG kwenye namba moja ya silaha zilizosalimishwa. Ukisoma kwamba zimepatikana 200, tafuta mstari unaotaja aina. Gobole 190 na SMG 10 ni habari ya wawindaji. SMG 190 zinahitaji mtu aulize zimetoka ghala gani, na namba za ubavuni zinasemaje.